SOMO: BINTI MWENYE MIMBA ASIYOITAZAMIA

Soma Yohana 8:1–11.

Sisi wa Mabalako tunakumbuka Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Siku zile mama aliyetoka damu aliogopwa, maana damu ilikuwa dalili mojawapo. Leo yuko binti anayetoka damu kwa siri. Yeye ndiye anayetuogopa sisi.

Usiku mmoja aliletwa binti kwa pikipiki, ameshikwa na watu asianguke. Alikuwa amekunywa majani, tena ametiwa kijiti. Nikamwuliza, “Mwanangu, mbona hukuja mapema?” Akajibu, “Mama, baba angenifukuza, na kanisani wangenitenga.” Alipona, lakini jibu lake halijanitoka moyoni.

1. Hatari. Kijiti hutoboa nyumba ya uzazi na kuingiza vidudu. Majani makali huweza kuharibu maini na mafigo. Dalili ni hizi: damu nyingi, homa, tumbo kuuma sana, uchafu unaonuka, kizunguzungu. Mwenye dalili moja tu apelekwe hospitali saa ile ile. Asimfiche muganga neno. Kazi yetu ni kutibu.

2. Aliyelazimishwa. Afike kabla ya saa 72 kupita, apate dawa ya kukinga virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba yafaa mpaka siku 5. Tena ajue kwamba Mapatano ya Maputo, yaliyotolewa katika gazeti la sheria za Kongo mwaka 2018, yanaruhusu daktari kutoa mimba ya kulazimishwa, ya ndugu wa damu, au inayohatarisha mama. Basi aulize kwa muganga, si kwa mwenye kijiti.

3. Kazi yetu. Wazazi, msimfukuze. Wamama wa kanisa, mmoja amsindikize kupima mimba, wengine wakusanye sabuni, chakula na nguo za mtoto. Wazee, mwiteni kijana pia, kwa maana mimba haina mzazi mmoja. Binti akiisha kuzaa, nyanya amshike mtoto, naye arudi shuleni.

Wale wenye mawe waliondoka mmoja mmoja, lakini Yesu alibaki na yule mwanamke. Nasi tubaki.

Maulizo:
1. Taja dalili tano za hatari.
2. Binti wa jirani akifukuzwa leo, atalala katika nyumba ya nani?