Mgongo wa Muuguzi: Maswali Kutoka Wodini

Wauguzi na wakunga wameuliza. Anayejibu ni mtaalamu wetu wa fiziotherapia.

Nina miaka tisa wodi ya upasuaji. Nikitoka zamu ya usiku kiuno kimekaza hata kuinama kuvaa viatu ni shida. Chuoni tulifundishwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo. Nakosea wapi?

Dada, hukosei. Somo lile linafaa kwa boksi. Boksi unalikumbatia kifuani na halikushiki shingo kwa hofu. Mgonjwa amelala katikati ya kitanda, nawe unamfikia kwa mikono iliyonyooka. Kadiri mzigo unavyokaa mbali na kiuno, ndivyo misuli na pingili za chini zinavyoelemewa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kunyanyua katika mazingira mazuri kabisa. Mwaka 2007 mtafiti wake Thomas Waters alikokotoa upya kwa ajili ya wagonjwa, akashusha hadi kilo 16 hivi. Sasa pima: mguu mmoja wa mtu wa kilo 70 una karibu kilo 11. Ukiuinua mwenzako akifunga kidonda, tayari umebeba sehemu kubwa ya kikomo chako, na bado hujamgeuza mgonjwa mzima. Mafunzo ya kunyanyua peke yake yamechunguzwa mara nyingi, na hayakuonekana kuzuia maumivu ya mgongo. Kwa hiyo inaniuma nikisikia muuguzi analaumiwa kwa mkao wake, wakati wodi nzima ina wauguzi wawili.

Mashine za kunyanyulia hatuna. Tufanye nini?

Msinyanyue, telezesheni. Kitambaa laini cha nailoni kilichoshonwa kama gunia lililo wazi pande zote mbili kikiwekwa chini ya mgonjwa humsogeza kwa nguvu ndogo sana, na fundi cherehani anaweza kukishona. Kioshwe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kabla ya kugusa shuka, pandisheni kitanda hadi usawa wa kiuno, fungeni breki, kisha mwombeni mgonjwa asaidie: akunje goti, ashike nguzo. Wengi wanaweza, ila hatuwaulizi kwa sababu tuna haraka. Na unapotafuta mshipa wa dripu, vuta stuli ukae. Kuinama dakika kumi kunachosha mgongo kama kubeba.

Mkanda wa kiunoni unasaidia?

Kwa kuzuia maumivu, hakuna ushahidi wa kuutegemea.

Huwa tunachomana diklofenaki chumba cha dawa, kisha tunarudi kazini. Kuna ubaya?

Upo, na nawasihi muache. Dawa hiyo huumiza tumbo na figo, hupandisha presha, na sindano ikikosea mahali takoni inaweza kujeruhi neva ya mguu. Tena inanyamazisha maumivu ili uende ukabebe tena kilichokuumiza.

Nipumzike kitandani? Nipige MRI?

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache, na kutembea kunaponya kuliko kulala. Picha mara nyingi haihitajiki mwanzoni. Huonyesha diski zilizochakaa hata kwa watu wasioumwa. Lakini ganzi ikiingia sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au kukutoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Neva zinabanwa, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu.

Matroni wetu anasema ni uvivu. Je, haya ni maumivu ya kazi?

Yanaweza kuwa. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, unahudumia waajiriwa wa serikali na wa sekta binafsi. Lakini ni vigumu kuthibitisha madai ya fidia ikiwa mgongo uliuma Jumanne, nawe ukaja kusema baada ya miezi mitatu. Mjulishe mwajiri kwa maandishi siku ileile: saa ngapi, kitanda namba ngapi, mgonjwa wa uzito gani, na mlikuwa wangapi zamu hiyo. Baki na nakala.