Somo kwa Waalimu: Mgonjwa wa Sukari Aachapo Dawa Yake

Ndugu, someni kwanza 2 Wafalme 5, habari za Naamani. Jemadari yule alighadhibika alipoagizwa kuoga katika Yordani, kwa maana aliiona dawa hiyo kuwa nyonge. Watumishi wake hawakumkemea. Walimwita baba, wakamwuliza neno, naye akashuka mtoni. Lakini Naamani alijichovya mara saba, kazi ikaisha. Mwenye ugonjwa wa sukari kwa kawaida hupewa dawa ya kila siku maisha yake yote, nasi twalisahau upesi jambo hili tunapomlaumu.

Mbona huiacha? Kwanza, ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Dawa ikipunguza sukari katika damu, kiu hutulia, hukojoa kidogo usiku, naye hujiona mzima. Kumbe sukari yaweza kuzidi tena kimya kimya, ikiharibu macho, na figo, na mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu asisikie mwiba umchomapo.

Tena yako mambo ya sindano. Mwaka 1922, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu na kufa alichomwa insulini, akapata nguvu. Walakini wengi kwetu husema sindano hiyo ndiyo mwanzo wa mauti, kwa kuwa wamemwona jirani akichomwa, kisha akafa. Watu hawa si wapumbavu. Hawakuambiwa tu ya kwamba jirani yule alifikishwa hospitali amechelewa mno.

Wengine huona haya mbele ya chakula cha mwenyeji, maana kukikataa ni kama kumkataa yeye. Wengine husema kumeza dawa ni kukosa imani. (Luka alikuwa tabibu.)

Basi, mwalimu, umwendeapo mgonjwa usianze na karipio. Mwulize: Wahofu nini? Dawa yapatikana? Pengine si mkaidi, amekosa fedha tu, na hapo wazee wa kanisa wana kazi. Mwombee, lakini usimwambie kamwe aache sindano; ambaye mwili wake hautengenezi insulini aweza kufa kwa siku chache akiiacha.

Na akina mama wapikao chai siku za mikutano waombwe kuweka birika moja lisilotiwa sukari.