Masharti ya Kampuni Kuingia Soko la Hisa, na Hikima Yake

Katika miji yetu ya pwani si jambo geni mtu kufuatwa dukani kwake au barazani, akaambiwa: "Toa fedha zako ununue hisa katika kampuni yetu. Karibu itaingia soko la hisa la Nairobi, na hapo shilingi yako moja itakuwa kumi." Wengi hutoa, kwa kuwa neno hili "soko la hisa" lina haiba kubwa masikioni, wala hawaulizi kampuni huingiaje huko. Kwa hivyo tumeona yapasa kuyaeleza masharti hayo moja moja, na hikima ya kila moja, ili ajuaye azidi kujua, na asiyejua asihadaiwe.

Soko hilo liliundwa mwaka 1954, nalo lilikuwa chama cha madalali wa hisa. Siku hizo biashara ya hisa ilikuwa ya Wazungu tu. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1963. Baadaye serikali ikaweka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa sheria ya mwaka 1989, isimamie mambo haya. Mwaka 2002 zikatolewa kanuni zilizoongoza soko kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2023 zikatolewa nyingine mahali pake. Sisi tutashika zile za 2002 katika somo hili, maana msingi wake ni mwepesi kufahamika. Mwenye kampuni anayetaka kuomba leo na azitazame zilizo mpya.

Sharti la kwanza: kampuni iwe ya umma, na hisa zake ziweze kuuzwa bila ya kizuizi. Katika kampuni ya watu makhsusi, wenyewe huweza kumzuia mwenzao asimuuzie mgeni fungu lake. Hisa isiyouzika haina kazi sokoni.

Sharti la pili ni la mali. Kampuni ya daraja ya juu ilitakiwa iwe na mtaji wa hisa uliokwisha kulipwa usiopungua shilingi milioni 50, na mali isiyopungua shilingi milioni 100 baada ya kutoa madeni yote. Tazama neno hilo, "baada ya kutoa madeni". Ghala lililojaa bidhaa za mkopo si utajiri.

Sharti la tatu ni hesabu za miaka 5, zilizokaguliwa na mkaguzi asiyekuwa mtu wa kampuni, na katika miaka hiyo 5 iwe imepata faida, baada ya kodi, si chini ya miaka 3. Hikima yake ni kuwa mwaka mmoja wa neema huweza kuwa ni bahati, lakini miaka mitatu yaonyesha kuwa biashara ina mizizi.

Sharti la nne ni la watu. Wakurugenzi wawe na ujuzi wa kazi, wala wasiwe waliofilisika au waliohukumiwa kwa udanganyifu. Mali ya watu haiwekwi mkononi mwa asiyeaminika.

Sharti la tano: robo ya hisa, yaani asilimia 25, iwe mikononi mwa watu wasiopungua 1,000, bila ya kuhesabu wafanyakazi wa kampuni. Lau hisa zote zingekuwa za ukoo mmoja, bei ingekuwa ni ile waitakayo wao.

Sharti la sita, nalo ndilo roho ya yote, ni uwazi. Kabla ya kuwauzia watu hisa, kampuni hutoa waraka wa maelezo wenye madeni yake, kesi zake na khatari zake, na waraka huo hupitishwa kwanza na Mamlaka. Ikisha kuingia, hutangaza hesabu kila nusu mwaka. Na ikijua kuwa faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi kuliko mwaka uliopita, yalazimu iwaonye watu mapema.

Kampuni ndogo nazo zilifunguliwa mlango. Daraja ya pili ilitaka mtaji wa shilingi milioni 20 na hesabu za miaka 3. Mwaka 2013 ikaongezwa daraja ya kampuni changa, mtaji wake shilingi milioni 10, wala haikudaiwa historia ya faida. Lakini ililazimu iwe na mshauri aliyekubaliwa na soko wa kuiongoza.

Je, kampuni iliyotimiza yote haya ni dhamana ya faida? La. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu walizigombea, na kabla mwaka haujesha zilikuwa zikiuzwa chini ya bei hiyo. Waliouza kwa hofu walipata hasara. Waliosubiri waliziona zikipita shilingi 40 mwaka 2021. Na Uchumi, maduka yaliyojulikana nchi nzima, yaliondolewa katika biashara ya soko mwaka 2006, yakarudishwa 2011, kisha yakaanguka tena. Masharti humpa mnunuzi khabari, hayampi faida.

Wala masharti haya hayaulizi halali na haramu. Benki za riba na kampuni ya pombe zimo sokoni humo, na zimetimiza kila sharti. Swali hilo Muislamu humbakia yeye mwenyewe kuliuliza.

Basi akujiaye na habari ya hisa, muulize: Kampuni hii ni ya umma? Hesabu zake za miaka iliyopita zi wapi, na nani alizikagua? Waraka wa maelezo umepitishwa na Mamlaka? Nami nikitaka kuuza, nitamuuzia nani? Akikujibu kwa kiapo badala ya karatasi, zuia mkono wako.

Na wenye biashara katika sisi nao wana somo hapa. Ni nyumba ngapi za biashara mwetu ziliishi kwa uhai wa baba, na alipokufa warithi wasijue deni ni lipi na mali ni ipi, kwa kuwa fedha ya duka na ya nyumbani zilikuwa katika mfuko mmoja? Hata asiyetaka kamwe kwenda Nairobi, na atenge mifuko hiyo, aandike kila mwaka, na amwite mkaguzi. Akifanya hivyo warithi wake watakuta biashara, hawatakuta ugomvi.