Istilahi "Bondi Dhaifu": Mfano wa Maziwa ya Ngamia Isiolo

Makala hii inahusu istilahi moja ambayo, kwa maoni yangu, humpotosha mwanafunzi kabla hajafungua kitabu. Katika matumizi ya kila siku, neno "dhaifu" hubeba maana ya upungufu: mgonjwa dhaifu, hoja dhaifu, ukuta dhaifu. Anayekutana na "bondi dhaifu" katika somo la kemia hudhani kwamba hizi ni bondi zilizokosa kukazwa. Ukweli ni kinyume chake, na ushahidi wake umo katika kibuyu cha maziwa.

Tuanze na vipimo. Ndani ya molekuli ya maji, bondi ya oksijeni na haidrojeni huhitaji takriban kilojuli 460 kwa moli ili ivunjike. Bondi ya haidrojeni, inayoshikanisha molekuli moja ya maji na jirani yake, huhitaji kilojuli 20 hivi. Mfugaji anayefunga mzigo juu ya ngamia anaielewa tofauti hii bila ya kemia: kamba haipaswi kukatika njiani, lakini fundo lazima lifunguke jioni.

Protini nazo zimeundwa vivyo hivyo. Asidi amino zimeungwa kwa bondi imara, zikawa mnyororo. Mnyororo huo hukunjwa, na mikunjo yake hushikiliwa zaidi na bondi dhaifu. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake.

Sasa tuingie Isiolo, mji ambao wanawake wa ushirika wa Anolei wamejulikana kwa kukusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Nairobi. Protini kuu ya maziwa, yaani kaseini, huelea katika vifungu vidogo vinavyoshikiliwa na bondi dhaifu pamoja na kalsiamu fosfeti. Vifungu hivyo hukwepana kwa sababu vyote vina chaji hasi. Bakteria wakichachusha maziwa, asidi huondoa chaji hizo, navyo hukaribiana na kushikana. Maziwa ya ng'ombe huganda yakawa mazito. Ya ngamia, kwa kuwa yana kiasi kidogo cha aina moja ya kaseini iitwayo kapa, hubaki mepesi. Ndiyo maana suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, hunywewa wala hayakatwi kwa kisu.

Lililo zito zaidi ni suala la kuchemsha. Wapo wanaoyapenda maziwa mabichi kwa hofu kwamba moto huyaondolea nguvu, ilhali maziwa mabichi yaweza kuambukiza bruselosisi, maradhi ya homa ndefu na maumivu ya viungo. Joto la sufuria halikati minyororo ya protini. Hukunjua tu mikunjo yake. Kwa bakteria hasara hiyo ni mauti, maana protini zake zikipoteza umbo hupoteza kazi. Kwa mnywaji ni hasara ndogo: asidi amino zimebaki, na tumbo lake lingezikunjua protini hizo hata hivyo. (Na tuseme wazi: kuchachusha pekee hakutoshi kuwa kinga.)

Hata urithi wetu umeshonwa kwa uzi huu. Katika DNA, ambayo muundo wake ulielezwa na Watson na Crick mwaka wa 1953, adenini na thimini huunganishwa kwa bondi mbili za haidrojeni, guanini na sitosini kwa tatu. Zingekuwa imara, nyuzi hizo mbili zisingeachana, na seli isingeweza kugawanyika.

Kwa hiyo napendekeza "bondi legevu". Najua mhadhiri mmoja au wawili watapinga kwamba ulegevu nao ni sifa ya mtu mzembe. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kilicholegea chaweza kukazwa tena, na hivyo ndivyo zinavyofanya bondi za haidrojeni katika maji: huvunjika na kuungwa upya kwa muda usiofika hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde.