SOMO LA ROBO HII: WEMBE WA CHUMA CHA DAMASKO – NAKSHI NA MAKALI



Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika toleo hili tunajifunza kazi moja ya mikono inayoeleza vizuri maana ya methali hiyo, yaani kutengeneza wembe wa kukunja kwa chuma cha Damasko. Tumeichagua kwa sababu kamati na wafadhili huombwa mara kwa mara kuamua kama kazi ya fundi inastahili bei yake, na jicho huvutwa kwanza na kile kinachong'aa. Lakini wembe hupita shingoni mwa mtu. Hapo kazi mbaya haifichiki.

1. Jina limetoka wapi

Chuma cha Damasko cha zamani kilianzia India na Sri Lanka. Mafundi wa huko waliyeyusha chuma pamoja na vitu vyenye kaboni ndani ya vyungu vidogo vya udongo vilivyozibwa, kisha wakakiacha kipoe polepole. Mabonge yake yaliuzwa hadi Mashariki ya Kati, yakafuliwa panga zenye mistari kama mawimbi ya maji. Pwani yetu nayo inaguswa na historia hii: katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika juu ya chuma cha Sofala, katika nchi ya Msumbiji ya leo, kilichopelekwa India kufanyiwa kazi na wahunzi wa huko.

Baadaye ufundi huo ulififia. Huko London, Michael Faraday na James Stodart, mtengenezaji wa visu na vifaa vya upasuaji, walijaribu kuiga chuma hicho cha India na kuchapisha matokeo yao mwaka 1820.

Kinachoitwa Damasko siku hizi kwa kawaida ni kitu kingine: ni tabaka za vyuma viwili zilizounganishwa kwa moto na nyundo. Ufundi huu pia ni wa kale, na ulivuma upya baada ya mhunzi Mmarekani Bill Moran kuonyesha visu vyake mwaka 1973.

2. Hatua za kazi

(a) Kupanga tabaka. Fundi huchagua vyuma viwili vyenye kaboni ya kutosha, kimojawapo kikiwa na nikeli kama asilimia 2. Huvisafisha kutu yote na kuvipanga kwa kupokezana.

(b) Kuunganisha. Bonge hupashwa moto hadi nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi au zaidi, likinyunyiziwa boraksi ili uchafu uyeyuke na kutoka. Kisha hupigwa nyundo mpaka tabaka zishikane. Huvutwa, hukatwa, hukunjwa na kuunganishwa tena. Tabaka 7 zikikunjwa mara 5 huwa 224. Fundi akitaka nakshi ya mawimbi au ngazi, husokota bonge, au hukata mifereji juu yake na kulifua tena liwe bapa.

(c) Kupata umbo. Wembe una mgongo mnene na tumbo jembamba lililochimbwa pande zote mbili. Mgongo si pambo. Wakati wa kunoa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, hivyo unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Wembe wenye upana wa milimita 20 na mgongo wa milimita 6 hupata pembe ya nyuzi 17 hivi. Fundi akikosea hapa, hakuna kunoa kutakakomwokoa.

(d) Kukomaza. Wembe hupashwa moto hadi nyuzi 800 hivi, kisha huzamishwa katika mafuta. Hapo huwa mgumu sana, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo la nyuzi 180 hadi 200 kwa muda wa saa mbili, mara nyingi zaidi ya mara moja, ili upate ustahimilivu. Hatua hii ndiyo roho ya wembe, na haionekani kwa macho baadaye.

(e) Kumalizia. Fundi husaga tumbo la wembe liwe jembamba zaidi, akichovya kwenye maji kila mara. Makali yakipata moto mpaka yageuke rangi ya bluu, ugumu umekwisha potea.

(f) Kutoa nakshi. Wembe huzamishwa katika dawa kali kama feri kloridi. Chuma cha kawaida huliwa na kuwa cheusi, chenye nikeli hubaki cheupe. Ndipo mistari inapojitokeza.

(g) Mpini na kunoa. Mpini hutengenezwa kwa pembe ya mnyama au mti mgumu na kufungwa kwa pini za shaba. Mwisho makali hunolewa kwa mawe, kuanzia lenye chembe kubwa hadi laini kabisa, kisha hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi.

3. Nakshi inasema nini?

Nakshi inatueleza kwamba tabaka zimeunganishwa. Haituelezi kama joto la hatua ya (d) lilikuwa sahihi. Pia haionyeshi uchafu uliobaki kati ya tabaka. Uchafu huo ukiangukia kwenye makali, huacha pengo dogo linalokwaruza ngozi. Ndiyo maana wembe wa chuma kimoja uliokomazwa vizuri ni bora kuliko wa Damasko uliokomazwa vibaya.

Zipo pia bidhaa za udanganyifu ambazo mistari yake imechorwa tu juu ya chuma cha kawaida. Njia ya kutambua ni hii: sehemu ndogo ikisuguliwa kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ikapakwa dawa tena, nakshi ya kweli hurudi kwa sababu imepita ndani ya chuma chote. Ya uongo hairudi.

Hivyo tunapoulizwa juu ya bei, tusihesabu tabaka peke yake. Tumwulize fundi alitumia vyuma gani, alipimaje joto, na aliyajaribuje makali. Fundi mwaminifu hufurahia maswali haya.

4. Neno la afya

Wembe wa aina hii ni wa mtu mmoja. Kuchangia wembe kunaweza kueneza homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI, hata kama damu haionekani. Aidha, chuma hiki hushika kutu. Baada ya kunyoa kioshwe, kikaushwe na kupakwa mafuta kidogo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mgongo wa wembe ni muhimu kuliko mapambo yake?
2. Ni hatua gani za kazi hii hazionekani zikishakamilika? Mnunuzi azilipie kwa namna gani?
3. Katika eneo lenu, ni kazi gani za mikono tunazozipima kwa nakshi badala ya makali?