Kuunganisha Inveta na Ruta kwa Adapta ya USB

Somo la leo ni la vitendo. Anayesoma umeme au kompyuta atalifuata kwa urahisi, na asiyesoma hayo namwomba avumilie aya mbili tatu.

Mama yangu anatumia insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, umeme ukikatika friji hubebwa na inveta yenye betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24. Tatizo ni kwamba mara kadhaa tuliamka alfajiri tukakuta inveta imezima, na hakuna aliyejua imezima saa ngapi. Kukesha mbele ya inveta sikuweza, lakini ruta ya intaneti ipo palepale, inawaka usiku kucha na inakula umeme kidogo mno. Nikaona hiyo ndiyo ikeshe.

Ruta yangu nilikuwa nimeiwekea OpenWrt, mfumo wa Linux ulioanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G. Ina mlango mmoja wa USB. Inveta ina mlango wa mawasiliano wa RS-232. Katikati panahitajika adapta ya kugeuza USB kuwa RS-232, nami nikanunua moja mjini kwa bei ndogo. Angalia jambo moja kabla hujanunua yako. RS-232 hupanda na kushuka kati ya volti chanya na hasi, kuanzia 3 hadi 15, wakati adapta nyingine zinazofanana nayo ni za TTL, zenye volti 3.3 au 5 tu. Ukizichanganya, chipu inaungua.

Karatasi iliyobandikwa kwenye adapta ilisema chipu ni PL2303. Nikaweka moduli ya kerneli ya PL2303, nikachomeka, nikatafuta /dev/ttyUSB0. Hakuna. Nikaandika dmesg kusoma kumbukumbu za kerneli. Kimya kabisa, kama vile sijachomeka kitu. Nikachomoa na kuchomeka tena labda mara kumi (mtu akichoka huanza kuamini kwamba mara ya kumi na moja itakuwa tofauti). Nikaihukumu adapta kuwa mbovu, nikawa nimeshaanza kutafuta nauli ya kurudi dukani.

Rafiki yangu wa bwenini ndiye aliyeniuliza swali nililopaswa kujiuliza mwenyewe: je, ruta imeiona adapta? Maana kuna hatua mbili, nami nilikuwa nimerukia ya pili. Kwanza kontrola ya USB itambue kwamba kuna kifaa. Ndipo moduli ya chipu ikichukue kifaa hicho. Kwenye ruta kama yangu, kontrola ya USB 2.0, iitwayo EHCI, hushughulikia vifaa vya kasi ya megabiti 480 kwa sekunde tu. Flashi inakwenda kwa kasi hiyo, ndiyo maana flashi yangu ilifanya kazi siku zote. Adapta nyingi za aina hii ni za megabiti 12. EHCI ikikutana nayo huikabidhi kwa kontrola mwenzake, OHCI au UHCI. Kama moduli ya huyo mwenzake haipo, adapta inakabidhiwa kwa asiyekuwepo, na dmesg haina la kusema.

Nikaandika:

opkg update
opkg install kmod-usb-ohci usbutils

(Matoleo mapya ya OpenWrt yanatumia apk badala ya opkg.) Safari hii dmesg ikasema kifaa kipya kimeonekana, na lsusb ikatoa namba 1a86:7523. Hiyo ni CH340, wala si PL2303. Kumbe karatasi nayo ilisema uongo! Kwa hiyo amini namba, usiamini karatasi: 067b:2303 ni PL2303, 0403:6001 ni FTDI, 10c4:ea60 ni CP210x. Nikaweka kmod-usb-serial-ch341, na /dev/ttyUSB0 ikatokea.

Ukitaka kuipima adapta kabla ya kugusa inveta, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa waya mfupi, fungua picocom, uandike herufi. Zikirudi kwenye kioo, adapta ni nzima.

Inveta yangu huzungumza kwa kasi ya 2400. Kwa kuwa OpenWrt haiji na stty, niliweka coreutils-stty kisha nikaandika:

stty -F /dev/ttyUSB0 2400 raw -echo icrnl
exec 3<>/dev/ttyUSB0
printf 'QPIGS\xb7\xa9\r' >&3
read -t 3 jibu <&3
echo "$jibu"

Hiyo icrnl isisahaulike. Inveta hufunga jibu kwa alama ya \r, ambayo read haiihesabu kuwa mwisho wa mstari. Bila icrnl utasubiri bure. Jibu ni safu ya namba: ya 6 ni wati zinazotumika, ya 9 ni volti za betri. Nikaziandika kila dakika 5 ndani ya /tmp, kwa sababu /tmp iko kwenye RAM. Kuandika mfululizo kwenye flashi ya ndani ya ruta kunaichosha.

Usiku wa tatu umeme ulikatika saa mbili. Asubuhi nikasoma. Friji peke yake haikufikisha wati 100, na betri zilikuwa zinashuka polepole. Lakini kuanzia saa tano kasorobo matumizi yalipanda karibu mara mbili, yakabaki hapo hadi saa nane, na saa kumi na dakika kumi inveta ikazima. Nikampelekea mama karatasi yenye namba. Akaitazama, akamwita mdogo wangu, akamuuliza mechi iliisha ngapi kwa ngapi.

Tangu siku hiyo runinga haipo tena kwenye waya wa inveta.