Premiksi haifuti kosa la mashudu ya pamba

Penye mgodi pana walaji. Katika miji ya Geita na Kahama, biashara ya kitimoto inawavuta wenye mitaji midogo. Hata hivyo, faida ya nguruwe haiamuliwi buchani. Huamuliwa mapema, kwenye chakula.

Kosa la kawaida ni kujaza ghala mashudu ya pamba, kwa kuwa Shinyanga ni eneo la pamba, kisha kutegemea premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, irekebishe mapungufu. Hesabu hiyo haifungi.

Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Tumbo la ng'ombe mkubwa huipunguza makali, ndiyo maana wafugaji wa Usukuma hunenepesha mifugo yao kwa mashudu hayo. Nguruwe hana kinga hiyo. Sumu ikimzidi, moyo hudhoofika, hupumua kwa shida na huweza kufa ghafla. Aidha, mashudu hayo yana upungufu wa laisini, sehemu ya protini inayojenga nyama. Premiksi ya kawaida haiondoi gosipoli wala haijazi pengo la protini.

Nguruwe wa kilo 20 hadi 60 anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi. Mfano wa kilo 100 ni huu: mahindi yaliyoparazwa 40, pumba za mahindi 32, mashudu ya alizeti 16, dagaa 10, chokaa ya mifugo 1.25, chumvi 0.5 na premiksi 0.25. Dagaa wapunguzwe wiki za mwisho kabla ya kuchinja, la sivyo nyama hunuka samaki na mteja hukimbia.

Hapo ndipo premiksi hufanya kazi yake. Mahindi meupe hayana vitamini A ya kutosha. Matembele husaidia wakati wa mvua, lakini kiangazi hukauka. Pumba nazo hufunga madini ya zinki, na chokaa ikizidi hali huwa mbaya zaidi. Ngozi huota magamba, na mfugaji hununua dawa ya ukurutu bure.

Mwekezaji apime gharama hivi. Kutoka kilo 20 hadi 60 ni ongezeko la kilo 40. Tuseme chakula kilichokamilika kinatumika kilo 3 kwa kila kilo ya ongezeko: jumla kilo 120. Kwa chakula duni, tuseme kilo 4.5: jumla kilo 180. Tofauti ni kilo 60 kwa kila nguruwe, mbali na muda unaopotea. Premiksi katika kilo 120 ni gramu 300 tu. Anayeiacha ili kubana matumizi anaokoa senti na kupoteza shilingi. Anayeizidisha bila kurekebisha protini anapoteza zote mbili.

Wakati wa kununua, tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe, na kipimo kiwe kile cha kwenye mfuko, kwani bidhaa hutofautiana. Mfuko uliofunguliwa na kuachwa juani au kwenye unyevu hupoteza vitamini, ingawa uzito wake haupungui. Protini kwanza, premiksi baadaye: mpangilio huo ndio unaolinda mtaji.